Kabla Hujanunua Pointi za Kula Bata, Jiulize Kwanza Utalala Wapi

Leo naomba tuache kidogo mambo ya nani kaachana na nani, tuongelee kitu ambacho meseji zenu zimenifuata nacho wiki nzima. Ni ile picha ya staa wetu. Jina sitaji, ila mnamjua, aliwahi kutamba sana kwenye filamu zetu na sasa hivi anaishi Marekani na mumewe na watoto wawili.

Katupia picha ya likizo ya Krismasi. Bahari nyuma, watoto wamevaa masweta, ufukwe hauna mtu, halafu chini kaandika "nyumbani kwetu kwa pili, asante Disney." Basi watu wakamrarua! "Disney gani haina ile ngome?" "Mickey Mouse yuko wapi?" "Dada kafulia, kapiga picha Bagamoyo anatuambia Florida." Mmoja akaandika eti hiyo ni picha ya kugugo. Jamani mna maneno nyie watu.

Mimi nasema hivi: yule dada hajadanganya na wala hajafulia. Pale ni Disney kweli. Panaitwa Vero Beach, ni hoteli ya Disney iliyoko pwani ya Atlantiki, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka kule kwenye ngome. Na ni kweli kwamba ana sehemu yake pale, ana na karatasi. Shida yake ni nyingine kabisa, na ndiyo hiyo nataka tuiongee, kwa sababu najua humu ndani kuna wadau wengi mko Houston, Dallas, Ohio, Maryland na kwingineko, mnapigiwa simu hizo hizo na mnataka kuweka sahihi. Shida yake ni kwamba alichagua hoteli mama kwa bei, na watoto wake walikuwa wanataka twiga.

TWENDE TARATIBU, HII KITU NI NINI

Disney wana klabu inaitwa Disney Vacation Club. Ilianza 1991, na hoteli yake ya kwanza, inayoitwa Old Key West siku hizi, iko huko huko Florida. Ni taimushea, yaani umiliki wa kugawana. Hununui chumba namba fulani, unanunua pointi. Kila mwaka pointi zako zinajaa upya kama tenki la maji, unazitumia kulipia usiku wa kulala. Chumba kidogo kipindi cha watu wachache kinakula pointi kidogo, chumba kikubwa wiki ya Krismasi kinakula nyingi. Usipozitumia mwaka huu unaweza kuzivusha mwaka ujao, ila lazima ufanye hivyo ndani ya miezi 8 ya kwanza ya mwaka wako wa pointi. Na unaweza pia kukopa za mwaka ujao ukazila sasa hivi.

Hapo mpaka hapo ni raha tupu. Sasa sikiliza.

Pointi zako haziwezi kuelea tu hewani. Lazima ziandikishwe kwenye hoteli moja. Wenyewe wanaiita hoteli ya nyumbani, mimi naiita hoteli mama, maana ndiyo inayokuzaa humo kwenye klabu. Kwenye hoteli mama yako unaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla ya safari. Kwenye hoteli nyingine zote za klabu unasubiri mpaka ibaki miezi 7. Basi. Tofauti yote ya maana iko kwenye hiyo miezi minne.

Kama hujaelewa, fikiria daladala. Anayepandia mwanzo wa gari anachagua siti, dirisha au mlangoni, anaweka na mkoba wake pembeni. Wewe wa kituo cha katikati unaingia ukikuta siti imebaki, sawa, haijabaki, unaning'inia au unasubiri nyingine. Ndiyo maana jioni pale Posta watu wanakubali kugeuza na gari na kulipa nauli mara mbili ili tu wakae. Hoteli mama ni kupandia mwanzo wa gari. Swali la msingi ni gari lipi unataka siti, na hilo swali ndilo wengi hawajiulizi.

STAA WETU ALIKOSEA WAPI

Nimeongea na watu wa karibu yake, na mwenyewe amenikubalia niandike bila jina. Alinunua mkataba wa mkono wa pili, sisi tuuite mtumba, kutoka kwa mwanachama aliyekuwa anaondoka. Akaangalia bei ya pointi moja, akaona Vero Beach iko chini kuliko nyingine, akachangamka. Akaambiwa na shoga yake "nunua popote, utalala popote." Na kweli, kwenye makaratasi hiyo sentensi haina uongo. Ila haijamalizika. Ilitakiwa iseme: utalala popote patakapokuwa pamebaki.

Watoto wake walikuwa wameona video za Animal Kingdom Lodge. Hiyo hoteli wadau naomba niwaeleze kidogo maana inatuhusu. Imefunguliwa 2001 na iko Florida, ila majina mengi ni Kiswahili. Jengo la kwanza linaitwa Jambo House, la pili Kidani Village. Kidani kile kile, cha shingoni. Migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Bwawa la kuogelea la Jambo House ni Uzima Springs, la Kidani ni Samawati Springs. Duka la zawadi linaitwa Zawadi. Na ukikaa chumba kinachotazama mbuga, unafungua pazia asubuhi unakuta twiga na pundamilia wanakula majani hapo nje. Mtoto wa Kibongo aliyezaliwa Marekani anasoma ukutani neno ambalo bibi yake analitumia kwenye simu. Najua kuna watakaocheka, mimi sicheki.

Sasa akasubiri miezi 7 ifike, akaamka mapema, akafungua akaunti. Vyumba vya kutazama mbuga wiki ya Krismasi, hakuna. Vyumba vya bei ya chini, ambavyo viko Jambo House na ni vichache, ndio kabisa, vile wenye hoteli mama wanavimaliza siku ya kwanza ya miezi 11. Akabaki na hoteli mama yake ya baharini. Desemba. Watoto na masweta.

Halafu kuna ada. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa na butwaa. Ukishanunua pointi hujamaliza, kila mwaka unalipa ada ya matunzo, inahesabiwa kwa kila pointi uliyonayo, na kila hoteli ina ada yake. Vero Beach ni kati ya zenye ada kubwa kuliko zote. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne tu, ila hesabu hii hata mtoto wa la tano anaifanya. Tuseme una pointi 150. Hoteli A ada ni dola 9 kwa pointi, hoteli B ni dola 13. Tofauti ni dola 4, zidisha kwa 150, ni dola 600 kila mwaka. Miaka 15 ni dola 9,000. Na hapo nimeacha ukweli kwamba ada zenyewe zinapanda. Ule unafuu wa bei uliokuvutia mwanzoni unaliwa kidogo kidogo kama sukari na sisimizi.

KILA HOTELI INA TAREHE YAKE YA KUFA

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba hii mali ina mwisho. Sisi tunajua habari ya hati ya kiwanja ya miaka 33, 66 au 99. Hii nayo ni hivyo hivyo, ila mwisho ukifika hakuna cha kuomba kuongezewa, haki inarudi kwa Disney na wewe unabaki na picha.

BoardWalk, Beach Club, Boulder Ridge, Vero Beach na Hilton Head zinaisha 2042. Old Key West nyingi pia ni 2042, isipokuwa wale waliolipia kuongeza mpaka 2057. Saratoga Springs ni 2054. Animal Kingdom ni 2057. Bay Lake Tower 2060, Aulani ya Hawaii 2062, Grand Floridian 2064, Polynesian 2066, Riviera 2070.

Kwa hiyo ukiambiwa pointi ya hapa ni rahisi kuliko ya pale, gawanya kwanza kwa miaka iliyobaki. Mfano tu, bei nimezitunga ili tuelewane: mtu ananunua 2026, hoteli ya 2042 anauziwa dola 80 kwa pointi, hoteli ya 2057 anauziwa dola 110. Ya kwanza imebakiza miaka 16, kwa hiyo kila mwaka wa pointi unamgharimu dola 5. Ya pili imebakiza miaka 31, ni kama dola 3 na senti 55. Ile ya "bei poa" ndiyo ghali. Lakini pia kama wewe una miaka 60 na huna mpango wa kumwachia mtu, 2042 inaweza kukutosha kabisa. Kila mtu ahesabu kwa umri wake na wa watoto wake.

MTUMBA NA DUKANI SIO KITU KIMOJA

Kuna wanaoniandikia "dada/kaka, si bora kununua mtumba tu, kwa nini nilipe bei ya dukani?" Ni kweli mtumba mara nyingi unashuka sana bei. Ila kuna mambo mawili.

La kwanza, ukishakubaliana na muuzaji, Disney wana haki ya kuingilia na kuununua wao kwa bei ile ile mliyokubaliana. Kwa hiyo usianze kuwatangazia ukoo kabla hawajasema hawautaki.

La pili ndilo kubwa. Kuanzia Januari 19, 2019 sheria ilibadilika. Ukinunua mtumba kwenye zile hoteli 14 za zamani, pointi zako zinaishia kwenye hizo hizo 14, huwezi kwenda nazo Riviera iliyofunguliwa mwisho wa 2019. Na ukinunua mtumba wa Riviera, unalala Riviera tu. Maisha yako yote ya pointi ni Riviera. Ni hoteli nzuri, ina vigari vya kuning'inia kwenye kamba vinakupeleka EPCOT bila foleni ya basi, lakini ujue unafunga ndoa ya mke mmoja.

Kwa hiyo kwa mtu wa mtumba, hoteli mama ina uzito kuliko hata kwa aliyenunua dukani. Wewe milango yako imepungua, usije ukachagua na chumba usichokipenda.

MC NA MKEWE NESI

Sasa niwape kisa cha pili, ili msidhani nasema kila mtu akimbilie Animal Kingdom kwa sababu ya majina.

Kuna kaka mmoja, MC mashuhuri wa harusi za Wabongo huko Marekani. Ukiolewa majimbo yale bila yeye watu wanasema harusi haikuwa harusi. Mkewe ni nesi wa zamu. Hawa walifanya kila kitu sawasawa kwenye karatasi. Wakachagua Animal Kingdom, wakaangalia ada, wakaangalia mwaka, 2057, wakasema sawa, mtoto wetu mdogo atakuwa mtu mzima. Na sababu yao kubwa ilikuwa mama mzazi wa MC, yuko Moshi, hajawahi kuwaona wajukuu wake ana kwa ana. Mpango ni mama aje, wamlaze Kidani, aamke aone twiga, acheke.

Mama mwenyewe alipoambiwa alisema, "Yaani mnalipa mamilioni kumwona pundamilia? Si mpande basi la Iringa mpite Mikumi?" Na ana haki yake mama. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza mbugani kama kilomita 50, abiria wa basi wanaona tembo na nauli ni ile ile. Lakini hakuwa anamkatalia mwanawe, alikuwa anamtania. Akaanza kutafuta pasipoti.

Wakaweka nafasi miezi 11 kabla, siku ya kwanza kabisa, wakapata chumba cha kutazama mbuga. Hapo hoteli mama ilifanya kazi yake. Kilichofuata hakiko kwenye mkataba. Tarehe ya mama ya usaili wa viza ikawa mbali. Wakangoja. Zamu za hospitali za mke zinatoka wiki chache tu kabla, na ile wiki akapangiwa kazi. Harusi nayo ikaingia, mteja mkubwa. Wakawa wanasema tusubiri, labda itakaa sawa, mpaka zikabaki siku 20, wakafuta safari.

Ukifuta zikiwa zimebaki siku 31 au zaidi, pointi zinarudi kwako kama kawaida. Ukifuta chini ya hapo, zinaingia kwenye kapu la kushikiliwa. Za kwenye kapu unaruhusiwa kuzitumia kwa safari iliyo ndani ya siku 60 tu, na huwezi kuzivusha mwaka ujao. Sasa mtu wa zamu na mtu wa harusi, ndani ya siku 60, kutafuta chumba kwenye mabaki? Nyingi ziliwafia.

Rafiki yao mmoja aliwatania akasema "hoteli mama mnayo, mama ndiye hayupo." Nasikia MC, ambaye kazi yake ni kuchekesha watu, hakucheka.

Nyumbani kwao kukawa na mzozo. Mke anataka wauze. Mume anasema hawezi kuuza kitu alichokinunua kwa ajili ya mama. Na hela ya ada, msisahau, ni ile ile ambayo ingetumwa Moshi. Hapo ndipo nasema hili sio suala la kula bata tu. Wewe uliyeko Mbagala unayesoma hapa unasema "mambo ya Marekani haya yanatuhusu nini," jua kwamba mjomba wako akikwambia mwezi huu hana, saa nyingine kuna ada ya pointi imeshamtangulia.

MAONI YANGU SASA

Kwanza, hoteli mama chagua ile ambayo hata kama sheria ikibadilika kesho, ukaambiwa utalala hapo tu mpaka mkataba uishe, utasema sawa. Huo ndio mtihani. Staa wetu angejiuliza hivyo, asingenunua Vero Beach, kwa sababu yeye sio mtu wa bahari, watoto wake sio watu wa bahari. Kuna watu wa bahari, wanaipenda Vero Beach kufa na wanalipa ada yao kwa raha. Hao wako sahihi. Sheria ya 2019 imeshatuonyesha kwamba masharti ya kutembea tembea yanaweza kubadilika kwa wanunuzi wapya. Kilichobaki imara ni hoteli mama yako.

Pili, angalia unaenda kufanya nini. Kama watoto ni wa ngome ya Magic Kingdom, Bay Lake Tower unatembea kwa mguu mpaka getini, na Polynesian unapanda treni ya juu. Kama nyie ni watu wazima wa kula na kunywa na mnapenda tamasha la vyakula la EPCOT kipindi cha vuli, Beach Club na BoardWalk mnatembea kwa mguu, na ndiyo maana miezi hiyo wageni wa miezi 7 wanakuta pameshajaa. Animal Kingdom Lodge kwa upande wake iko pembeni, kila unapokwenda ni basi au gari lako. Mtu mwenye watoto wawili wanaolala njiani ajiulize kama yuko tayari kuwabeba usiku. Twiga ni mzuri asubuhi, basi la saa nne usiku ni jambo lingine.

Tatu, na hii ndiyo watu wanaobishana nayo: kuna wataalamu wa mitandaoni wanasema nunua Saratoga Springs, ni kubwa, ada yake sio ya kutisha, halafu miezi 7 ikifika tembea na pointi zako kwingine. Huo ujanja sio mbaya kwa mtu wa Septemba na Januari, asiyechagua chumba, asiye na watoto wa shule. Lakini Mbongo wa Marekani mwenye watoto likizo zake ni zile zile za shule: Krismasi, Pasaka, kiangazi. Ndiyo siku ambazo kila mtu anataka. Ukinunua kwa kutegemea mabaki ya msimu wa watu wengi, unajipanga kukosa.

Nne, jiulize likizo yako unaijua lini. Swali hili sijaona muuzaji akilisema. Kipaumbele cha miezi 11 ni mali ya mtu anayejua mwezi wa 1 atakuwa wapi mwezi wa 12. Mwalimu anajua. Mtu wa ofisi anajua. Nesi wa zamu, dereva wa lori, MC, mtu wa Uber, mtu anayesubiri viza ya mama, hawajui. Kama hujui, basi unalipia siti ya dirishani kwenye gari ambalo hujui kama utalipanda. Kwa watu kama hao ushauri wangu ni mmoja: usinunue kwanza, panga. Wanachama wengi wanakodisha pointi zao mwaka ambao hawasafiri. Unalala kwenye chumba kile kile, unatazama twiga yule yule, na mwakani huna deni la ada. Ila soma masharti ya kufuta, mara nyingi hela hairudi. Kodisha mara mbili, hoteli mbili tofauti. Ukirudi mara ya tatu bado unapataka, hapo umeshajua hoteli mama yako bila kuambiwa na mtu.

Tano, ukinunua dukani, usikopee. Tuseme pointi 150 kwa dola 200, ni dola 30,000. Ukiweka na riba ya mkopo juu yake, hizo hesabu za "utaokoa" wanazokuonyesha zinageuka. Kula bata kwa mkopo wa miaka 10 sio kula bata, ni kufuga bata wa mtu.

Na ikitokea umeshaweka sahihi juzi na sasa hivi moyo unadunda, sheria ya Florida inakupa siku 10 za kughairi, kuanzia siku uliyosaini au siku uliyopokea nyaraka zote, ile iliyo ya mwisho. Unaandika barua, unafuata maelekezo yaliyomo kwenye mkataba wenyewe, hela yako inarudi. Sio aibu. Watu wanaona aibu kurudi nyuma kwa sababu wameshatupia picha na glasi mkononi. Picha inafutika.

WANAOSEMA NI UJINGA MTUPU

Najua kuna watakaosema taimushea yote ni ujinga, hela hiyo ungejenga Kigamboni. Mimi sikubali moja kwa moja. Kuna familia nazijua zinakwenda kila mwaka, watoto wanahesabu siku, pointi hazilali, na miaka kumi baadaye wanalipa ada tu wakati vyumba vya kulipia taslimu vimepanda bei. Kwao ni mchongo halali. Na mtu ana haki ya kutumia jasho lake kwa furaha, sio lazima kila dola igeuke tofali. Nyumba ya Kigamboni yenyewe wangapi wamejenga na analala shemeji?

Ninachokataa ni mtu kununua furaha ya mtu mwingine. Ya shoga yake, ya muuzaji, ya wafuasi wake. Staa wetu amenunua hoteli iliyokuwa nafuu kwa watu waliomshauri, MC amenunua kipaumbele ambacho kazi yake haimruhusu kukitumia. Wote wawili wana pesa, wana akili, na wote wawili wana karatasi halali. Ila kila mmoja alijibu swali la bei kabla ya swali la utalala wapi, lini, na nani.

Habari njema ni kwamba staa ameniambia anauza ule mkataba, na safari hii watalala Kidani kwa kukodi pointi za mwenzake, Februari badala ya Krismasi, watoto atawaombea ruhusa shuleni siku tatu. Kuhusu MC sijui wataamua nini, ila nasikia mama ameshapata tarehe mpya ya usaili. Akipewa viza, mimi kama mimi ningesema wasimpeleke kokote wiki ya kwanza. Wamkalishe sebuleni tu awabebe wajukuu. Twiga watakuwepo mpaka 2057.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ungechagua ya karibu na ngome, ya baharini au ya twiga? Na wale mlionunua tayari, tuambieni ukweli bila kuremba: mnazitumia hizo pointi au zinawatumia nyie? Tukutane hapo chini, matusi hapana.